Kisanduku cha Maonyesho

Ukitaka kumuudhi Ruweida Alwi asubuhi na mapema, mwambie kuna wageni wanakuja. Si kwamba hapendi wageni. Amezaliwa na kulelewa Voi mjini, katika nyumba ambayo mtu hatoki bila kuonja kitu, na mumewe Hanif humtania kwamba hata msomaji wa mita za maji huondoka kwao na kaimati mkononi. Wageni wanaomchosha roho ni wale wa kazini: wanashuka kwenye magari meupe, wanaambiwa hiki ni hiki na kile ni kile, wanapigwa picha wameshika bisibisi wasiyojua itafungua nini, kisha wanaondoka na kumwachia chupa tupu za maji juu ya mashine.

Kazi yake ni kusimamia karakana ya wanafunzi katika chuo kikuu kimoja kilicho nje kidogo ya mji. Kibao cha mlangoni kina jina refu la Kiingereza, limejaa uvumbuzi na mustakabali. Wanafunzi huiita space. Ruweida huiita karakana, maana ndivyo ilivyo: chumba kirefu cha bati kinachochemka kuanzia saa nne, meza za mbao, mashine ya kuchomelea vyuma, makabati ya nyaya, na printa mbili za 3D, moja nzima na moja ya kunyofolewa vipuri. Mwanafunzi yeyote mwenye wazo lake anaruhusiwa kuingia akalitengeneze kwa mikono yake mwenyewe. Ruweida alikulia katika duka la babake la vipuri vya baiskeli na majiko ya mafuta ya taa, na tangu aajiriwe hajaona mpango mzuri kuliko huo. Tatizo ni vinavyotengenezwa.

Printa nayo, ukiipa kisogo, inachapa vishikio vya funguo vyenye majina ya wapenzi. Na kila muhula, bila kukosa, kinatokea kikundi kinachokuja mbio kumwambia kimepata wazo ambalo hakuna binadamu amewahi kulifikiria: king'ora cha kufukuza ndovu mashambani. Ruweida hawabishii. Huwapeleka kwenye kabati la nyuma akawafungulia, wakaviona ving'ora vya ndovu vya wenzao waliowatangulia, vimelundikana vinakula vumbi. Kimoja hakilii mpaka ukipigie simu. Kingine kilijaribiwa nyuma ya jiko la chuo, kikamtimua mbuzi wa mpishi hadi barabara kuu, na ripoti yake ikasema majaribio yamefaulu.

Juu ya hayo yote kuna apdeti. Dokta Maxwell, mkurugenzi wa mambo ya ubunifu, anataka kila Ijumaa apdeti ya karakana iwe imepanda kwenye ukurasa wa chuo na kwenye makundi ya WhatsApp, na picha ndani yake. Si mtu mbaya. Ni mpole, anakumbuka majina ya wanafunzi, na mashine nyingi za pale ni yeye aliyezihangaikia. Lakini katika apdeti za Dokta hakuna kitu kinachotengenezwa. Kila kitu kimeshatengenezwa, tena tayari kinabadilisha maisha ya jamii. Kiti cha magurudumu kisicho na magurudumu kilishabadilisha maisha ya jamii. Ruweida husoma mambo hayo Ijumaa jioni akiwa anakoroga uji, akasonya hadi Hanif akajua ni siku gani ya wiki.

Katika vurugu hizo ndipo alipoingia Yvonne Ajwang', msichana wa mwaka wa tatu, aliyezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge ambako babake bado anakata majani mpaka leo. Naye alikuja na habari ya ndovu. Ruweida alikuwa ameshashika ufunguo wa kabati la nyuma, ila msichana akamwambia yeye hatengenezi king'ora, kwa sababu ndovu hawaogopi kelele, wanazizoea. Wanaogopa nyuki. Alitaka kutengeneza kisanduku kinachohisi mtikisiko wa ardhi mnyama mzito akikaribia, kisha kitoe mvumo wa nyuki waliochokozwa. Ruweida akaurudisha ufunguo mfukoni.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko apdeti zilivyotangaza. Kisanduku cha kwanza kililia kila lori lilipopita. Cha pili kilimwogopa ng'ombe. Yvonne aliburura waya wake wa kuhisi mtikisiko kwenye boma la mifugo huko kambini wiki baada ya wiki, akikifundisha kutofautisha kwato za ng'ombe na wayo wa ndovu, na kilipokuwa tayari kweli, kimewekwa ndani ya ganda la rangi ya chungwa lililotoka kwenye printa, wakakipeleka Miasenyi kwa Mutindi.

Mutindi ni mjane mwenye kibanda cha matunda kando ya barabara kuu na shamba la ndengu na mahindi nyuma yake. Kabla ya hapo alikuwa akilinda shamba kama wote wanavyolinda, usiku kucha juu ya dungu, lile jukwaa la nguzo, kwa moto na debe la kupiga, na mchana akiuza maembe huku macho yanamfumba. Kisanduku kilipowekwa, ndovu walifika mpakani mwa shamba, wakasimama, wakapeperusha masikio, wakageuka. Walirudi tena wakageuka tena. Mutindi alimpigia Ruweida simu kumweleza, na Ruweida, mtu asiyependa kuonyesha furaha kazini, alikwenda mwenyewe kumtafuta Yvonne darasani.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu sasa karakana ilikuwa na kitu kimoja kinachofanya kazi, na kitu kinachofanya kazi ndicho wageni wanachotaka kuonyeshwa. Wageni wa kwanza walipotangazwa, Dokta Maxwell akasema kisanduku kiletwe, ni siku mbili tu. Ruweida akapanda pikapu ya chuo, akaenda kukichomoa, na wageni walipoondoka akakirudisha. Mwezi uliofuata wakaja wengine. Akaenda tena. Walipokuja wa tatu, ambao waliahirisha, wakaahirisha tena, kisanduku kikakaa juu ya meza kinapepesa taa yake ndogo kuionyesha feni ya darini, na kule Miasenyi ndovu wakaingia, wakala safu zote za mahindi zilizo upande wa reli. Ruweida alipokirudisha, Mutindi hakugombana naye. Alimkaribisha kiti, akamkatia embe, kisha akamuuliza.

"Hii kisanduku yenu, madam, imekuja kunitembelea ama imekuja kukaa?"

Ruweida aliapa kwamba imekuja kukaa. Alirudi Voi na hasira iliyomkaa kifuani kama chakula kisichosagika, na alimwambia Dokta Maxwell uso kwa uso kwamba haiwezekani mtu apewe kitu na anyang'anywe kila wenye suti wakipita. Dokta alimsikiliza vizuri. Alikubali kila neno. Alisema ni jambo la kutafakariwa kwa kina, na Ruweida alitoka ofisini amechoka kuliko alivyoingia.

Ndengu za Mutindi zilikuwa zimeanza kukauka kwenye maganda, zimebakisha siku chache zivunwe, ilipotangazwa Siku ya Ubunifu. Safari hii si wageni wa kupita. Kulikuwa na mgeni wa heshima kutoka kwa wafadhili, mahema, vikundi vya ngoma, na wakulima watakaosombwa kutoka vijijini wakajaze viti. Dokta Maxwell akaingia karakana anasugua viganja.

"Bi Ruweida, kile kisanduku cha nyuki kiwe mezani Alhamisi," akasema. "Siku moja tu."

Ruweida akamweleza habari ya ndengu. Dokta akasikitika sana kuhusu ndengu. Kisha akarudia kwamba ni siku moja tu.

Basi Ruweida akachoka. Kuna uchovu wa kulala ukapona, na kuna huu wa kumwambia mtu jambo lile lile mpaka sauti yako mwenyewe inakukera. Dokta alipotoka, alikaa akiitazama printa, ambayo wakati huo ilikuwa inamchapia mtu kishikio cha funguo chenye jina Nuha. Akaizima. Akamwita Yvonne, akamwambia alete mchoro wa lile ganda la rangi ya chungwa. Wakachapa jingine, pacha wa lile la kwanza. Ndani yake Ruweida akatia betri moja na taa inayopepesa, basi. Hakuna cha kuhisi mtikisiko, hakuna spika, hakuna nyuki.

Yvonne alikizungusha kiganjani, hakuipenda ile kazi, na alilisema hilo waziwazi. "Lakini madam, si hii ni kama kuwadanganya? Wakiuliza inawork aje?"

"Waeleze kinavyofanya kazi, mwanangu. Kipo, kinafanya kazi. Kipo Miasenyi," Ruweida akamjibu. "Na wala hawatataka kukisikia. Wangapi wamekuja hapa, nani amewahi kuomba kukisikia?"

Yvonne alifikiri, na ni kweli hakumkumbuka hata mmoja. Ruweida alilala vizuri usiku ule. Alijiona mjanja, na alimsimulia Hanif, na wote wawili wakacheka mpaka chai ikapoa.

Alhamisi ikafika na jua lake. Mahema yakasimama, spika zikakwaruza, mgeni wa heshima akafika amechelewa, akatembezwa meza hadi meza. Mbele ya kisanduku cha rangi ya chungwa akasimama muda mrefu kuliko kwingine. Yvonne akamweleza habari ya wayo na kwato na nyuki, na kila alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa tu hakikuwamo mle ndani. Mgeni akatikisa kichwa kwa mastaajabu, akapigwa picha na kile kisanduku, akaenda zake kwenye kiti cha heshima. Ruweida, aliyekuwa amejibanza kando ya hema, alishusha pumzi. Aliona limekwisha.

Halikuwa limekwisha, kwa maana Dokta Maxwell alishika maikrofoni, na watu wema wenye maikrofoni ni hatari. Moyo ulikuwa umemjaa siku ile. Alisema karakana yake haitengenezi vitu vya kuwekwa mezani, inawatengenezea wananchi, na kuthibitisha hilo, kisanduku hiki hakitarudi mezani leo. Kitaondoka na mkulima. Hakuwa amemwambia mtu yeyote mapema, wala yeye mwenyewe sidhani alijua kabla ya kutamka. Akaangaza kwenye viti vya mbele, akamwona mzee mmoja mrefu mwenye koti la rangi ya udongo, akamwita.

Ruweida alimfahamu. Alikuwa Mzee Mwangangi, jirani ya Mutindi, shamba lake linapakana na la Mutindi kwa upande wa porini. Yeye hakusombwa na gari la chuo kuja kujaza kiti. Alikuwa ameona kwa macho yake ndovu wakigeuka mpakani kwa Mutindi na kuja kwake, akajileta mwenyewe kwa nauli yake kuuliza yeye atakipata vipi kitu kama kile. Sasa kikawekwa mikononi mwake bila hata kuuliza. Alikipokea kwa mikono miwili. Picha zikapigwa, mgeni wa heshima akamshika bega, na Dokta akamsogezea maikrofoni aseme machache.

Mzee alisema machache kweli. "Mimi nimelala juu ya dungu, huko shambani, tangu mke wangu akiwa hai. Leo nitalala kwa kitanda. Nashukuru."

Watu wakapiga makofi mengi, na mgeni wa heshima akapangusa jicho. Ruweida naye alipiga makofi, kwa sababu mikono ilimtangulia. Kichwani alikuwa akipanga haraka haraka. Amngoje mzee ashuke, amvute nyuma ya hema, amnong'oneze, amwombe msamaha, amwahidi kisanduku cha kweli kabla ya msimu ujao. Hakuna haja ya kumwaibisha Dokta mbele ya wafadhili. Hakuna haja ya kumwaibisha Yvonne. Wala yeye mwenyewe, tuseme ukweli. Dakika mbili nyuma ya hema, na mambo yangekwisha kimya kimya.

Lakini mzee hakushuka. Palepale mbele ya watu, kisanduku kikiwa kwapani, alitoa simu yake ndogo, akapiga nyumbani, na kama watu wa umri wake alizungumza kwa sauti ya kufika Miasenyi bila simu. Alimwambia mwanawe amepata ile kitu ya Mutindi. Alimwambia aende shambani sasa hivi alibomoe lile dungu, zile nguzo zake ni nzito na zimekauka vizuri, mkewe atazipikia kama kuni mwezi mzima. Watu wakacheka kwa furaha na kumpigia makofi tena.

Ruweida akajikuta anatembea. Alipita kati ya viti, akampita mpiga picha, akapanda jukwaa dogo, na akakichukua kile kisanduku kwapani mwa mzee. Dokta Maxwell alidhani anakuja kueleza namna ya kukifunga, akamkabidhi maikrofoni kwa tabasamu. Ruweida akakibandua kifuniko kwa ukucha wa gumba na kumwonyesha mzee ndani.

"Hakina kitu, mzee wangu," akasema. "Ni ganda la kuonyeshea watu. Nimelitengeneza mimi, wala si huyu mtoto. Ukilala kitandani leo, utaamka huna shamba."

Ilisikika hadi jikoni. Makofi yalikatika vipande vipande, wa mbele wakianza na wa nyuma wakichelewa kuelewa. Mzee Mwangangi aliinama akachungulia, akaiona betri, akaiona taa inapepesa. Aliingiza kidole, akagusa pembe zote nne za ndani, taratibu, asije akawa amekosea yeye.

Dokta Maxwell, ambaye rangi ilikuwa imemtoka, alifanya kile anachokijua. Alimwambia mgeni wa heshima, kwa sauti ya kucheka, kwamba hiki kilikuwa kielelezo tu, chenyewe kipo, kinaletwa. Kisha akamgeukia dereva wa pikapu ya chuo na kumwambia kwa chini akimbie Miasenyi kwa Mutindi akakichomoe. Alisahau kwamba maikrofoni bado ilikuwa mkononi mwa Ruweida, na Ruweida hakuwa na haraka ya kuiondoa.

"Hapana," Mzee Mwangangi akasema. "Ya Mutindi iacheni kwa Mutindi. Mkiniletea, ndovu watatoka kwangu waingie kwake. Hapo mtakuwa mmefanya nini?"

Dereva akabaki na ufunguo hewani. Mzee akakirudisha kifuniko cha kile kisanduku, akakibonyeza hadi kikalia, akamkabidhi Ruweida. Halafu akatoa tena simu yake. Safari hii alizungumza kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni ya Ruweida ilikuwa bado karibu.

"Hiyo dungu, usibomoe," akasema. Akasikiliza. Akasikiliza tena, huku anaangalia vidole vya miguu yake. "Yote? Hata nguzo?" akauliza. Kisha akasema, "Haya. Anza kukata miti ingine. Nakuja."

Akashuka jukwaani, akapita kando ya masufuria ya pilau yaliyokuwa yanafunuliwa, na mtu wa huduma aliyemnyoshea sahani akaambiwa asante, jua halingoji. Ruweida alimtazama anavyokwenda na lile koti lake, hatua ndefu, haangalii nyuma, na aibu ikamshika shingoni hadi masikioni. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia Dokta Maxwell, ya miaka, yamejipanga mdomoni. Akayaacha. Akamkabidhi Dokta maikrofoni yake na ganda lake la rangi ya chungwa, akaingia karakana, akabeba msumeno, nyundo mbili na kopo la misumari. Yvonne alikuwa ameshaanza kuzing'oa mbao ndefu kutoka kwenye meza ya maonyesho, hakuuliza ruhusa ya mtu, na mabango ya rangi yalikuwa yamemwagika chini. Dereva wa pikapu, ambaye bado alikuwa na ufunguo mkononi na hajui aufanyie nini, wakampakia kila kitu nyuma ya gari lake na kumwambia awashe.

Walimpata mzee amefika kwenye barabara kuu, amesimama juani anapungia magari yanayoelekea Mombasa. Ruweida akashuka. Alikuwa amejipanga kumwomba radhi kwa maneno mazuri ya nyumbani kwao, ya mtu aliyelelewa, na akaanza kuyasema. Mzee Mwangangi aliutazama msumeno, akazitazama mbao, akalitazama jua.

"Panda tuende, mama," akasema. "Hayo utaniambia ukiwa juu, unapigilia."